Kiharusi kando ya Ziwa Tanganyika: Je, tone la damu laweza kutangulia CT-scan?

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KIJIJI cha Mwamgongo kipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, umbali wa zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini Kigoma. Nyuma yake ni milima mikali, mbele yake ni maji. Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ya kutoka kijijini hapo imekuwa boti za abiria ziendazo Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma. Boti hizo huondoka vijijini alfajiri zikiwa na dagaa, migebuka, mawese na abiria, kisha hurejea mchana. Safari huchukua saa kadhaa, na upepo ukichafuka haifahamiki itachukua muda gani.

Kwa mgonjwa wa malaria au mwenye jeraha, saa hizo ni usumbufu mkubwa. Kwa mgonjwa wa kiharusi, ndizo zinazoamua kama atatembea tena, atabaki kitandani au atafariki dunia. Zaidi ya hayo, kwa muda wote huo hakuna mtu ndani ya boti anayeweza kusema kwa uhakika mgonjwa ameshikwa na kiharusi cha aina gani.

Swali hilo la aina ya kiharusi ndilo linalowashughulisha watafiti wa nchi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Wanachotafuta ni kipimo cha damu kitakachotoa jibu ndani ya dakika chache, mahali popote mgonjwa alipo, bila kusubiri mashine kubwa ya kupiga picha ya ubongo. Hatua kubwa zimepigwa, ingawa kazi haijakamilika. Makala haya yanaeleza kipimo hicho kinavyofanya kazi, kimefikia wapi, na kina maana gani kwa wakazi wa vijiji vya mwambao wa ziwa.

Magonjwa mawili, sura moja

Kiharusi ni hali ya sehemu ya ubongo kukosa damu ghafla. Hutokea kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni mshipa wa damu kuziba, kwa kawaida kutokana na donge la damu. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo.

Kwa nje, aina hizo mbili hufanana mno. Katika zote mbili mgonjwa anaweza kupinda mdomo, kulegea mkono na mguu wa upande mmoja, kushindwa kuzungumza au kupoteza fahamu. Ni kweli kwamba maumivu makali ya kichwa, kutapika na kuzimia upesi huonekana zaidi kwa wanaovuja damu, lakini dalili hizo hazitoshi kuwa ushahidi. Mwaka 1991 watafiti wa Thailand walichapisha utaratibu wa kukadiria aina ya kiharusi kwa kujumlisha alama za dalili, unaojulikana kwa jina la Siriraj. Ulikusudiwa kusaidia hospitali zisizo na mashine. Hata hivyo, ulipojaribiwa katika nchi nyingine ilibainika kuwa hukosea mara nyingi kiasi kwamba hauwezi kutumika peke yake kuamua tiba.

Sababu ya kutaka uhakika ni kwamba tiba za aina hizo mbili zinapingana. Mwenye mshipa ulioziba anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha donge la damu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996 na kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019. Dawa hiyo hutakiwa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Asiyefaa kwa dawa hiyo hupewa aspirini. Mwenye mshipa uliopasuka akipewa dawa hizo, uvujaji unaweza kuongezeka na kumuua. Yeye huhitaji shinikizo la damu lishushwe haraka na kwa uangalifu.

Ushahidi wa karibuni umeonyesha kuwa hata kushusha shinikizo la damu, jambo linaloonekana la kawaida, si salama pale aina ya kiharusi isipojulikana. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika China, ujulikanao kama INTERACT4, uliohusisha wagonjwa 2,404 waliohudumiwa wakiwa bado ndani ya magari ya wagonjwa. Nusu yao walipewa dawa ya kushusha shinikizo la damu njiani na wengine walisubiri hadi hospitali. Kwa ujumla hapakuonekana tofauti. Lakini wagonjwa walipotenganishwa kwa aina ya kiharusi baada ya kupigwa picha, ilionekana kwamba waliokuwa wakivuja damu walinufaika, na waliokuwa na mshipa ulioziba walidhurika. Faida ya kundi moja ilifutwa na madhara ya kundi lingine.

Somo la utafiti huo kwa mwambao wa Tanganyika liko wazi. Mhudumu wa afya mwenye vidonge vya presha mkononi, akiwa zahanati au ndani ya boti, anaweza kumsaidia mgonjwa mmoja na kumdhuru mwingine kwa tiba ileile. Kinachokosekana mkononi mwake ni taarifa.

Picha ya ubongo na umbali wake

Taarifa hiyo hupatikana kwa CT-scan, mashine inayopiga picha za ubongo kwa mionzi na kuonyesha damu iliyovuja ndani ya dakika chache. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo alihudumiwa mjini London Oktoba 1971, na mbunifu wake, Godfrey Hounsfield wa Uingereza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Nchini Tanzania, kwa muda mrefu mashine hizo zilikuwa katika hospitali kubwa chache. Katika miaka ya karibuni serikali imezisambaza kwenye hospitali za rufaa za mikoa, hatua iliyopunguza safari ndefu za kwenda Dar es Salaam au Mwanza kwa ajili ya picha moja. Hata hivyo, mashine ya mkoa haiondoi umbali wa kijiji. Mashine huhitaji umeme wa uhakika, mtaalamu wa kuiendesha, mtaalamu wa kusoma picha na fundi wa kuitengeneza. Haiwezi kupelekwa zahanati, wala haiwezi kupakiwa kwenye boti.

Kila dakika inayopita ina gharama. Mwaka 2006 mtaalamu wa magonjwa ya ubongo wa Marekani, Jeffrey Saver, alikokotoa kuwa mgonjwa ambaye mshipa mkubwa wa ubongo wake umeziba hupoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kwa dakika. Mtu anayepatwa na kiharusi jioni, wakati boti za abiria zimekwisha kurejea na wavuvi wanajiandaa kuingia ziwani na taa zao, huenda akasubiri alfajiri kama ndugu zake hawana uwezo wa kukodi boti na kununua mafuta.

Tatizo lenyewe si dogo. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza walifuatilia viharusi vyote vilivyotokea katika maeneo mawili, Hai mkoani Kilimanjaro na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa baada ya kurekebisha tofauti za umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai na takriban 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa juu kuliko cha nchi nyingi tajiri. Aidha, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulibaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, ambalo ndilo chanzo kikuu cha kiharusi.

Damu inavyobeba habari za ubongo

Wazo la kipimo cha damu ni rahisi kulieleza. Kila kiungo cha mwili kina protini zake. Seli za kiungo zinapoumia hupasuka, na protini zilizokuwa ndani humwagika na kuingia katika damu. Daktari akizikuta huko kwa wingi usio wa kawaida, hujua kiungo fulani kimeumia. Protini au chembe nyingine inayotumika hivyo huitwa kiashiria cha kibayolojia.

Kwa moyo, njia hiyo imefanikiwa. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua hupimwa protini iitwayo troponini, na kiwango chake humsaidia daktari kujua kama misuli ya moyo imeumia. Wengi walitarajia kuwa ubongo nao ungepata troponini yake. Haikuwa hivyo, kwa sababu mbili kubwa.

Sababu ya kwanza ni ukuta maalumu uliopo kati ya damu na ubongo. Kuta za mishipa midogo ya ubongo zimebana kuliko za viungo vingine ili kuzuia sumu na vijidudu visipenye. Ulinzi huo huzuia pia protini za ubongo zisitoke upesi. Sababu ya pili ni kwamba kiharusi si ugonjwa mmoja. Huweza kusababishwa na donge lililotoka kwenye moyo, na mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa wa shingo, au na mshipa mdogo uliochakazwa na presha ya miaka mingi. Protini moja haiwezi kueleza yote hayo.

Ndiyo maana majaribio ya awali yaliunganisha viashiria kadhaa kwa pamoja. Mfano unaofahamika ni kipimo cha Triage Stroke Panel cha kampuni ya Biosite ya Marekani, kilichounganisha viashiria vinne: S100B, MMP-9, D-dimer na BNP. Matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika vituo 17, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha uwezo wa wastani tu. Kipimo kilipowekwa kiwakamate wagonjwa wengi wa kiharusi, kiliwakamata pia wengi wasio na kiharusi, kwa kuwa baadhi ya protini hizo hupanda hata kwa maambukizi, ugonjwa wa moyo au jeraha lisilohusu kichwa. Kipimo hicho hakikupata idhini ya kutumika Marekani.

Protini ya GFAP

Baada ya hapo watafiti kadhaa walibadili swali. Badala ya kuuliza kama mgonjwa ana kiharusi au hana, waliuliza kama damu inavuja ndani ya ubongo au haivuji. Kwa swali hilo jipya, protini moja ilijitokeza kuliko nyingine. Kwa kifupi huitwa GFAP.

GFAP hupatikana ndani ya astrositi, seli zenye umbo la nyota zinazozishikilia na kuzilisha seli za neva. Mshipa unapopasuka, damu hutoka kwa nguvu na kuzichana seli hizo papo hapo. Ukuta kati ya damu na ubongo nao hubomoka mahali hapo. Hivyo GFAP huingia katika damu ndani ya muda mfupi na kwa wingi. Mshipa unapoziba, mambo huenda polepole. Seli hunyimwa hewa na chakula, hudhoofika, kisha hufa na kusambaratika baada ya saa nyingi. GFAP yake huanza kuonekana vizuri baadaye, na hufikia kilele baada ya siku kadhaa.

Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo msingi wa kipimo. Katika saa za mwanzo, GFAP nyingi humaanisha mshipa umepasuka. GFAP kidogo huelekeza kwenye mshipa ulioziba.

Utafiti uliolipa wazo hilo nguvu uliongozwa na Christian Foerch wa Frankfurt na kuchapishwa mwaka 2012. Ulihusisha wagonjwa 205 katika vituo 14 vya kiharusi vya Ujerumani na Uswisi, wote wakiwa wamefika ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kipimo cha GFAP kiliwatambua asilimia 84 ya waliokuwa wakivuja damu. Miongoni mwa wasiovuja damu, kiliwatoa salama asilimia 96.

Hesabu kwa wagonjwa 100

Asilimia hizo zinavutia, lakini maana yake huonekana vizuri zaidi zikigeuzwa kuwa watu. Utafiti mkubwa wa SIREN uliofanyika Nigeria na Ghana na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa wake wa kiharusi, asilimia 32 walikuwa wamevuja damu na asilimia 68 walikuwa na mishipa iliyoziba. Tuchukue wagonjwa 100 wa kiharusi wenye mgawanyo huo, wapimwe GFAP mapema, na tuseme kipimo kina uwezo uleule wa mwaka 2012.

Kati ya 32 wanaovuja damu, kipimo kitawatambua takriban 27 na kuwakosa watano. Kati ya 68 wenye mishipa iliyoziba, takriban watatu watadhaniwa kimakosa kuwa wanavuja damu, na 65 watapata jibu sahihi.

Kwa hiyo watu wapatao 30 watapata jibu la “damu inavuja”, na 27 kati yao watakuwa wanavuja kweli. Hilo ni jibu la kuaminika kiasi cha kutosha kumzuia mhudumu asitoe aspirini na kumwezesha kupiga simu hospitali mapema. Watu wapatao 70 watapata jibu la “haivuji”, lakini watano kati yao watakuwa wanavuja. Hilo si jibu la kumruhusu mtu yeyote kutoa dawa ya kuyeyusha damu. Kosa la watu watano kati ya 70, yaani takriban asilimia saba, ni kubwa mno kwa dawa inayoweza kuua.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa kipimo. Kinaweza kutangulia CT-scan na kuelekeza hatua za mwanzo. Kuiondoa CT-scan hakiwezi, kwa ushahidi uliopo.

Kipimo kina mipaka mingine pia. Damu ikivuja kidogo sana, GFAP inaweza isipande vya kutosha. Mgonjwa akipimwa mapema mno, protini inaweza kuwa haijafika kwenye damu. Akipimwa baada ya siku moja au zaidi, hata mwenye mshipa ulioziba atakuwa na GFAP nyingi na tofauti itakuwa imepotea. Jeraha la kichwa na baadhi ya uvimbe wa ubongo navyo huipandisha. Mvuvi aliyeteleza na kugonga kichwa kwenye mbao za mtumbwi atatoa jibu linalofanana na la mgonjwa wa kiharusi.

Kifaa cha mkononi

Kwa miaka mingi GFAP ilipimwa maabara kwa mashine kubwa, na majibu yalichelewa kuliko CT-scan yenyewe. Mabadiliko yalikuja kupitia majeraha ya kichwa. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha GFAP na protini nyingine iitwayo UCH-L1, kwa ajili ya watu walioumia kichwa. Mwaka 2021 kipimo hicho kiliidhinishwa kwa kifaa cha kushika mkononi cha kampuni ya Abbott, kinachotoa jibu ndani ya takriban dakika 15, ingawa damu ilihitaji kwanza kuzungushwa kwenye mashine ili chembe zake zitengane. Mwaka 2024 iliidhinishwa aina inayotumia damu nzima, bila hatua hiyo ya kuzungusha.

Hatua hiyo ya mwisho ni kubwa kwa maeneo yasiyo na maabara. Idhini hiyo, hata hivyo, ni kwa majeraha ya kichwa, si kwa kiharusi. Watafiti wa Ujerumani wamekuwa wakijaribu kifaa cha aina hiyo kwa wagonjwa wa kiharusi walio ndani ya magari ya wagonjwa.

Kundi lingine limechukua njia tofauti kidogo. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza wagonjwa 323 katika jimbo la Florida, Marekani, walichapisha matokeo ya kuunganisha GFAP, D-dimer na alama za dalili. Lengo lao lilikuwa kutambua mapema watu ambao mshipa mkubwa wa ubongo umeziba, ili wapelekwe moja kwa moja kwenye hospitali inayoweza kulitoa donge kwa mrija. D-dimer hupanda pale mwili unapovunja donge la damu. D-dimer nyingi pamoja na GFAP kidogo huashiria donge kubwa bila uvujaji. Kwa wagonjwa waliopimwa ndani ya saa sita, mpangilio huo uliwatambua asilimia 81 ya wenye tatizo hilo na kuwatoa salama asilimia 93 ya wasio nalo.

Yanayohitajika kabla ya kufika Mwamgongo

Takwimu zote hizo za vipimo zimetoka Ulaya na Marekani. Kabla ya kifaa kama hicho kuwekwa kwenye zahanati ya mwambao wa Tanganyika, yapo maswali yanayopaswa kujibiwa hapa Afrika Mashariki.

La kwanza ni malaria. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria ikipanda kichwani huweza kuleta degedege, kupoteza fahamu, na wakati mwingine udhaifu wa upande mmoja. Utafiti wa watoto wa Uganda waliougua malaria ya ubongo, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa protini nyingine ya ubongo iitwayo tau ilipanda katika maji ya uti wa mgongo wa watoto hao. Hii ni ishara kwamba malaria nayo humwaga protini za ubongo. Kiwango cha GFAP kinachofaa Frankfurt huenda kisifae Kigoma, na ni upimaji wa wagonjwa wa hapa pekee utakaoonyesha kiwango sahihi.

La pili ni utunzaji. Vipimo vya aina hii kwa kawaida huhitaji kuhifadhiwa kwenye ubaridi, kama chanjo. La tatu ni gharama, kwa sababu kipimo cha kutumika mara moja kikiwa ghali kitaishia mijini, mahali ambapo CT-scan ipo tayari.

La nne, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote, ni kitakachofanyika baada ya jibu kutoka. Kipimo kisichobadili tiba ni mapambo. Kwa mwenye mshipa ulioziba, dawa ya kuyeyusha donge bado ni ghali na haipatikani katika hospitali nyingi za Afrika. Lakini kwa anayevuja damu habari ni njema zaidi. Utafiti wa INTERACT3, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha zaidi ya wagonjwa 7,000 katika nchi 10, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kuwa hatua chache zikifanywa pamoja na haraka hupunguza vifo na ulemavu. Hatua hizo ni kushusha shinikizo la damu, kudhibiti sukari, kudhibiti homa na kuondoa athari za dawa za kuzuia damu kuganda kwa wanaozitumia. Sehemu kubwa ya hayo haihitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Inahitaji kujua kwa uhakika kuwa mgonjwa anavuja damu.

Kinachowezekana leo

Wakati kipimo hicho kikisubiriwa, wataalamu wanasisitiza mambo ambayo hayahitaji teknolojia mpya. Dalili za kiharusi hutambuliwa kwa kumtaka mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili na aseme sentensi fupi. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukishuka au maneno yakivurugika, safari ianze mara moja, na saa ambayo dalili zilianza iandikwe. Saa hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ambayo daktari ataihitaji, na ndiyo itakayoamua kama kipimo cha damu cha siku zijazo kitakuwa na maana.

Mgonjwa asipewe aspirini wala vidonge vya presha vya jirani kabla ya kuonwa na mtaalamu. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa anaweza kupaliwa na kikaingia mapafuni. Aliyepoteza fahamu alazwe kwa ubavu, hata ndani ya boti. Zahanati ipime sukari na malaria, kwa sababu sukari ikishuka sana huiga kiharusi na hutibika palepale.

Lipo pia suala la imani. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha wakazi wa Hai na wa Dar es Salaam. Kinyume na wengi wanavyodhani, wa mjini ndio walioelekea zaidi kuhusisha kiharusi na mashetani au uchawi, wakati wa kijijini walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Anayepelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, awe wa Ujiji, Kariakoo au Mwamgongo, hupoteza saa zilezile ambazo watafiti wanahangaika kuziokoa.

Hatimaye, kabla ya GFAP na D-dimer, kipo kipimo kingine kilichokwisha kufika vijijini. Utafiti wa INTERSTROKE, uliohusisha nchi 32 na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi, na la kwanza ni shinikizo la juu la damu. Shinikizo hilo hupimwa kwa dakika moja, kwa mashine inayofungwa mkononi, na dawa zake ni za bei nafuu kuliko kifaa chochote cha kupima protini za ubongo. Mtu mzima anayepima presha mara kwa mara na kumeza dawa zake bila kukatisha amepunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kuihitaji boti ya usiku.